Mjomba ananiita utingo wa ndege

Mjomba wangu wa Mbalizi ana msimamo mmoja kuhusu kazi yangu, na hautikisiki: ndege inajiendesha yenyewe, marubani wanakula mshahara wa bure. Yeye ameendesha semi kati ya Dar na Ndola miaka na miaka, mteremko wa Kitonga anaujua kona kwa kona, na kwa hesabu zake mtu asiyeshika usukani si dereva. Sasa akisikia kwamba mimi nakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na kwamba safari nyingine hata hiyo otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege, siigusi, kazi yangu ni kuangalia tu, basi ndiyo kabisa. Ananiita utingo wa ndege, tena mbele ya wageni.

Kumweleza ana kwa ana haiwezekani, maana hujijibu mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Naandika hapa, binamu zangu watamsomea.

Nimpe kwanza haki yake. Ndege ninayorusha ni Dash 8-400, ile ambayo watani waliibatiza pangaboi nchi ilipopokea mbili za kwanza mwaka 2016. Otopailoti yake huwashwa muda mfupi baada ya kuruka na hukaa kazini mpaka karibu na kutua. Kati ya Dar es Salaam na Songwe mikono ya binadamu hushika usukani dakika chache za mwanzo na chache za mwisho. Hilo silikatai. Ninachokataa ni kwamba katikati hapo hakuna kazi, hasa pale tunapoanza kushuka.

Tuko wawili. Mmoja anaendesha, mwingine anaangalia, na tunapokezana: kapteni akiendesha kwenda, mara nyingi mimi naendesha kurudi. Anayeangalia ndiye pia anazungumza na redio na kusoma orodha za ukaguzi. Lakini watu wakisikia "kuangalia" hudhani ni kukodoa macho kwenye skrini ukisubiri kitu kibaya kitokee. Ukikaa hivyo hutakiona. Mwaka 1948 Norman Mackworth, mtafiti wa Uingereza, aliwakalisha watu mbele ya saa yenye mshale unaoruka hatua moja moja, wakatakiwa kutaja kila mara mshale ukiruka hatua mbili. Alitaka kujua kwa nini waangalizi wa rada wakati wa vita walikuwa wanapitwa na vitu. Ndani ya nusu saa ya kwanza uwezo wao wa kugundua ulikuwa umeshashuka. Hawakuwa wavivu. Ubongo ukingoja kitu ambacho karibu hakitokei, hulala huku macho yakiwa wazi.

Kwa hiyo sisi hatungoji. Tunatabiri. Kabla ya kila badiliko mimi najua namba gani itatokea wapi na lini, kisha nailinganisha na ninachokiona. Kama sijajua natarajia nini, kosa litapita mbele yangu kama abiria mwingine yeyote.

Nitoe mfano wa kitu cha kila siku. Mwongoza ndege anatupa ruhusa ya kushuka mpaka futi 12,000. Mimi nairudia redioni. Kapteni anazungusha kitufe, anaweka 12,000, ananyoosha kidole kwenye namba hiyo mpaka nami niitaje. Kisha anabonyeza modi, yaani namna ya kushuka anayoitaka. Hapo ndipo mtu wa nje hukosea: hudhani kubonyeza ndiyo mwisho. Kitufe ni ombi. Jibu la mashine liko sehemu nyingine, juu kabisa ya skrini iliyo mbele yetu, kwa herufi ndogo zinazosema imekubali kufanya nini. Tunasoma jibu, tena kwa sauti. Na katika ndege yetu kuna jambo la ziada: kuweka namba 12,000 peke yake hakuiambii ndege isimame hapo. Lazima ubonyeze kitufe cha ALT SEL, kinachoiamuru ikamate kimo ulichoweka. Usipobonyeza, itashuka kwa utulivu mkubwa, itaipita 12,000, na itaendelea na safari yake. Haijaharibika. Hukuiambia isimame.

Mashine hizi zina adabu ya kutisha. Januari 2018, ndege ya aina hiihii iliruka kutoka Belfast ikiwa imewekewa kimo lengwa cha sifuri. Marubani walipowasha otopailoti, ndege ikainamisha pua kuelekea sifuri. Ilifikia kasi ya kushuka ya zaidi ya futi 4,000 kwa dakika kabla king'ora cha kukaribia ardhi hakijawashtua wakainyanyua. Waliokoka wote. Kwa upande wa otopailoti hakukuwa na kosa lolote: iliagizwa kwenda chini, ikaenda chini.

Sasa nije Songwe, maana kila uwanja una tabia zake na huu wa kwetu una tabia nyingi.

Uwanja ulifunguliwa mwisho wa mwaka 2012 kuchukua nafasi ya ule mdogo wa mjini Mbeya. Uko kwenye bonde, upande wa Mbalizi kwenda Tunduma, kimo cha zaidi ya futi 4,400 kutoka usawa wa bahari. (Mgeni asichanganyikiwe na mkoa wa Songwe, uwanja uko mkoa wa Mbeya.) Kilomita kama 15 kaskazini-mashariki yake kimesimama kilele cha Mbeya, zaidi ya mita 2,800, maana yake karibu mita 1,500 juu ya lami tunayokwenda kutua. Na sisi tukitoka Dar tunaingia kwa upande huohuo wa mashariki. Mlima uko kati yetu na uwanja, au ubavuni kwa karibu, siku za jua na siku za wingu vilevile. Tofauti ni kwamba siku za wingu hauonekani.

Kupanga kushuka ndiyo sehemu pekee ambayo mjomba ananielewa bila ubishi. Kitonga hutafuti gia ukiwa katikati ya mteremko, umeshaichagua juu. Nasi ni hivyohivyo. Hesabu ya haraka ni maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 unazotakiwa kupoteza. Tukiwa futi 24,000 na uwanja uko 4,400, tunapoteza futi 19,600, yaani maili kama 59, tuongeze kumi za kupunguza kasi. Inakuja karibu maili 70, kilomita 130. Kwa njia iliyonyooka kutoka Dar, hapo ni maeneo ya Rujewa, majaruba ya mpunga ya Usangu yakiwa chini. Kompyuta nayo ina hesabu yake na huonyesha pa kuanzia. Mimi hufanya yangu kichwani kila safari, na siyo kwa sababu nina akili kuliko kompyuta. Nikiwa na namba yangu, nina kitu cha kuilinganishia ya kwake. Miezi ya kipupwe upepo wa kusini-mashariki hutusukuma mgongoni, maili zinaisha upesi kuliko kawaida, na rubani aliyeikubali tu namba ya skrini hujikuta yuko juu mno huku mlima na uwanja vyote vimekaribia.

Kuna mambo mawili zaidi yanayotokana na kimo cha uwanja, ambayo Dar hayasumbui. La kwanza, hewa ya kwetu ni nyembamba. Kipimo kikionyesha noti 120 za kasi (noti ni maili ya baharini kwa saa), ndege kwa kweli inakata hewa kwa kama 130. Ardhi inakuja upesi kuliko namba inavyosema, na ili kubaki kwenye mteremko uleule lazima ushuke kwa kasi zaidi kidogo. La pili ni kanuni ya ukimya. Chini ya futi 10,000 mazungumzo yote yasiyohusu kazi hukoma, wahudumu hawatupigii simu labda kuna dharura, habari za mechi zinangoja. Marekani iliandika kanuni hiyo mwaka 1981 na karibu dunia nzima imeifuata. Lakini futi 10,000 ukienda Dar ni mbali na ardhi. Ukienda Songwe zimebaki futi 5,600 tu, na kilele cha Mbeya kiko chini yako kwa kidogo sana. Kapteni ninaowaheshimu huanzisha ukimya mapema, tukiwa bado juu. Haimo kwenye kitabu, ni busara tu.

Ukimya huo una damu nyuma yake. Tarehe 12 Februari 2009, Dash 8-400 ilikuwa inakaribia Buffalo, Marekani, usiku. Ndege yangu, yaani, aina yangu. Otopailoti ilikuwa imeshika kimo kama ilivyoagizwa. Hapa msomaji aelewe kitu kuhusu mashine hii: otopailoti yake haigusi nguvu za injini. Wenyewe wenye ndege kubwa wana mtambo unaosukuma na kuvuta mikono ya injini peke yake. Sisi ni mikono yetu. Nguvu zilikuwa zimepunguzwa, magurudumu yakashushwa, kasi ikaanza kuanguka, na otopailoti ikaendelea kushikilia kile kimo kwa kuinua pua taratibu, taratibu, kama ilivyoagizwa. Wachunguzi walikuta kwamba njiani marubani walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu kazi, na kasi iliyokuwa inashuka mbele ya macho yao haikutajwa na yeyote. Usukani ulipoanza kutikisika kuonya kwamba kasi haitoshi kuibeba ndege, kapteni akauvuta badala ya kuusukuma. Walikufa wote 49 waliokuwa ndani na mtu mmoja nyumbani kwake chini.

Kila mara otopailoti inapomaliza kushuka na kukaa sawa kwenye kimo, mimi nafikiria Buffalo. Namba ya kimo imesimama vizuri, ndege imetulia, kila kitu kinapendeza, na huo ndio wakati kasi inaanza kuondoka kama mikono ya injini imebaki nyuma. Nikiwa anayeangalia, jicho langu haliko kwenye kimo wakati huo. Kimo mashine inakishughulikia. Liko kwenye kasi, ambayo haina mwenyewe isipokuwa sisi.

Hapo mtu atauliza: si kuna ving'ora? Vipo, na nawashukuru wahandisi wake. Lakini king'ora ni cha mwisho, na huzungumza ukiwa umeshachelewa sehemu kubwa. Tena yapo makosa ambayo mashine haiwezi kuyajua. Mwaka 1992 Airbus A320 iligonga mlima karibu na Strasbourg, Ufaransa, ikishuka kutua usiku. 87 kati ya 96 walikufa. Dhana ambayo wachunguzi waliipa uzito ni kwamba marubani walitaka mteremko wa nyuzi 3.3, lakini mtambo ulikuwa kwenye modi ya kasi ya kushuka, ukasoma 33 kuwa futi 3,300 kwa dakika. Kidirisha kilikuwa kilekile, tofauti ni nukta tu na alama ya modi. Baadaye kidirisha hicho kilibadilishwa kionyeshe tarakimu zote nne.

Na Mei 2022, Paris. Hii huwa nawasimulia wanafunzi kuliko zote kwa sababu haikuua mtu na kwa hiyo hakuna anayeijua. Altimita hupima kimo kwa kupima shinikizo la hewa, na lazima uiambie shinikizo la uwanjani la siku hiyo. Mwongoza ndege aliwapa marubani wa A320 moja namba 1011 wakati sahihi ilikuwa 1001. Tofauti ya kumi. Kila moja ina thamani ya karibu futi 28, kwa hiyo ndege ilikuwa chini ya pale inapodhani ipo kwa futi kama 280. Njia waliyotumia kushuka ilitegemea altimita hiyo pamoja na setilaiti, hivyo vyombo vyote vilisema wako sawa katikati ya mstari. Mstari wenyewe ndio ulikuwa umeshuka. Walipofika kimo cha uamuzi bila kuona taa wakaamua kupaa tena, na katika kugeuza mwendo huo redio altimita, ambayo hupima umbali halisi mpaka ardhini, ilifika futi 6. Sita. Bado hawajafika uwanjani.

Dawa yake ni ya bei rahisi. Kabla ya kuingia bondeni mimi huandika shinikizo la hewa la asubuhi hiyo kwenye karatasi ya gotini, kutoka kwenye taarifa ya hali ya hewa, na mnara wakinipa namba nyingine kabisa nauliza. Tukifika futi 1,000 juu ya uwanja altimita ya Songwe inatakiwa isome kama 5,400. Huo ndio mstari wa uamuzi tukiwa mawinguni: kasi iwe sahihi, magurudumu yako chini, flapi za mabawa zimetoka, kushuka hakuzidi futi 1,000 kwa dakika, nguvu za injini ziko hai. Kimojawapo kikikosekana, tunapaa tena. Hakuna "subiri kidogo itakaa sawa".

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu kuliko hesabu zote.

Nimekulia Vwawa. Kwetu mtoto hamkosoi mzee mbele za watu, na mtoto wa kike ndiyo usiseme. Baadhi ya makapteni ninaoruka nao wana umri wa baba yangu. Asubuhi tukikutana namwambia "Shikamoo Kapteni", ananijibu marahaba, ananiuliza hali ya nyumbani. Saa moja baadaye niko pembeni yake na kazi yangu ni kumwambia amekosea, papo hapo, bila kupepesa.

Kilichoniokoa ni kwamba mfumo umeondoa mtu kwenye sentensi. Simwambii "Kapteni, unaenda polepole". Nasema neno moja: kasi. Au kimo. Au modi. Nataja chombo, simtaji yeye. Naye hajitetei, anajibu kwamba anarekebisha, na anarekebisha. Tunasema kwa Kiingereza cha vitabu, na nadhani hilo nalo linasaidia, kwa kuwa kile Kiingereza hakina mkubwa wala mdogo. Nikitaja mara ya kwanza asijibu, nataja tena. Asipojibu mara ya pili, kitabu kinaniambia nichukue ndege, maana mtu asiyejibu mara mbili huenda hayupo tena kiakili au kiafya. Sijawahi kufika huko. Ila kila mmoja wetu anajua upo mpaka huo, na kuujua kunamfanya mzee ajibu haraka.

Na neno la kupaa tena halina cheo. Mimi wa kiti cha kulia nikilitamka, tunapaa. Mjadala utafanyika tukiwa juu, mlima ukiwa chini yetu.

Kuna asubuhi za masika ukungu unajaza bonde la Songwe kama mtu amemwaga maziwa, huku Mbalizi mjini watu wanaona jua na wanashangaa kwa nini ndege imepita juu ikarudi Dar. Nimesikia lawama zake zote, nyingine kutoka kwa ndugu waliokuwa wanamsubiri mgonjwa au mwili wa marehemu, na hizo zinauma. Mafuta ya kwenda uwanja mwingine tumebeba kwa sababu hiyohiyo. Abiria akilalamika kwamba tungejaribu mara ya tatu, sina jibu zuri la kumpa pale mlangoni. Ningempa Strasbourg, lakini hana muda.

Mjomba, kupitia binamu, ameshatuma swali lake la mwisho: na utingo anaangaliwa na nani? Ni swali zuri kuliko anavyodhani. Kwa ndege yenye uzito kama wa kwetu kanuni za kimataifa zinataka kumbukumbu za safari zisomwe, ajali iwepo isiwepo. Tukishuka kwa kasi ya kupita kiasi karibu na ardhi, ofisini wataona, na tutaulizwa. Ni kama ile VTS ya LATRA, mtambo wa kufuatilia mwendo wa mabasi, mjomba, ila yetu inaonyesha mpaka modi iliyokuwa imewaka na sekunde iliyowaka.

Kisichoonekana humo ni macho yangu yalikuwa wapi. Hilo huangaliwa kwenye simuleta, mara mbili kwa mwaka. Mwalimu anakaa nyuma yetu na daftari, anatupangia mawingu na mlima, na katikati ya kushuka anabadilisha kitu kimoja kidogo: shinikizo la hewa lisilolingana na la taarifa, au modi inayojizima yenyewe. Hasemi kitu. Anaandika tu zimepita sekunde ngapi kabla mmoja wetu hajaitaja.